Kabla Hujaacha Hela Mezani

Mtu anayejiandaa kwa safari ya kwanza ya nje huuliza mambo mawili kuhusu bakshishi: nitoe au nisitoe, na nikitoa, nitoe ngapi? Yote mawili hayajibiki mpaka lijibiwe la tatu, ambalo wachache huliuliza: huyu anayenihudumia, mshahara wake anaulipa nani? Ziko nchi ambako mshahara wote umo ndani ya bei ya chakula, na unachoongeza ni hiari yako tupu. Ziko ambako mwajiri hutoa kidogo, akamwachia mteja amalizie. Ziko ambako huduma imeshatozwa, ila bili imeandikwa kwa namna ambayo mgeni hulipa mara mbili bila kujua. Na ziko ambako ukimsukumia mhudumu noti mkononi unamtia mashakani.

Mazoea ya nyumbani hayatusaidii sana hapo, kwa sababu kwetu bakshishi haina kanuni. Kwenye mgahawa wa kawaida Dar es Salaam au Mombasa mtu akiridhika huacha chenji, asiporidhika huisubiri hadi shilingi ya mwisho, na hakuna anayemshangaa. Kijana aliyekubebea mzigo hadi kwenye basi unampa ya soda. Mama lishe humpi kitu. Unamlipa kwa kurudi kesho. Kwenye hoteli za watalii mambo ni mengine, na mlimani Kilimanjaro, ambako mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, bakshishi inayotolewa siku ya kushuka ni sehemu kubwa ya kipato cha safari nzima. Tunaijua basi, lakini tumezoea kuihesabu kuwa ukarimu wa mtu. Ukienda na hesabu hiyo Houston, mhudumu ataona umemdhulumu. Ukienda nayo Tokyo, ataacha kazi akukimbize barabarani akurudishie hela yako.

Marekani ndiko wageni kutoka kwetu hugombana zaidi na bili, kwa hiyo tukae huko kidogo. Sheria ya kazi ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25, nacho hakijapanda tangu 2009. Pengo la katikati linatakiwa lizibwe na wateja. Lisipozibika, kwa mujibu wa sheria mwajiri ndiye anayefidia. Kwa maneno mengine, yule dada anayekumiminia maji bila kuombwa na kukuuliza kila dakika kumi kama kila kitu kiko sawa hayuko pale kwa mshahara. Anakufanyia kazi wewe.

Majimbo nayo yana sheria zake. Saba kati yake, yaani Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington, hayamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kisingizio cha bakshishi. Texas inafuata ile 2.13. Kwa hiyo Mkenya anayehudumu mezani Dallas na mwenzake wa Minneapolis wanaanza siku na mishahara iliyoachana mbali, lakini ajabu ni kwamba wateja wa miji yote miwili huacha asilimia zile zile. Usijisumbue basi kutafuta sheria ya jimbo unakokwenda. Desturi imeshajitenga na sheria, na mgeni hupimwa kwa desturi.

Historia yake si nzuri. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kampuni ya George Pullman, iliyoendesha mabehewa ya kulala, iliajiri wanaume weusi waliokuwa wametoka utumwani, ikawalipa kidogo sana, ikawaachia abiria kazi ya kuwakimu. Chama chao, kilichoanzishwa 1925 na kuongozwa na A. Philip Randolph, kilipigana hadi 1937 ndipo kampuni ikatia saini mkataba. Kabla ya hapo baadhi ya majimbo yalijaribu kupiga marufuku bakshishi, Washington likitangulia 1909, lakini kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Na si zamani tu. Mwenye migahawa maarufu wa New York, Danny Meyer, aliifuta bakshishi katika migahawa yake kuanzia 2015 na kupandisha bei za vyakula ili awalipe watu wake vizuri. Mwaka 2020 aliirudisha.

Mimi naona mpango huu si wa haki, na Wamarekani wengi wanaona hivyo hivyo. Lakini aliyeshindwa kuubadilisha ni mwenye migahawa ndani ya mji wake mwenyewe. Wewe uliyekuja kumwona mdogo wako kwa wiki tatu hutaubadilisha kwa kumpunja dada wa watu. Ukiona bakshishi inakuumiza, kula mahali pa kujihudumia, ambako haidaiwi. Ukikaa mezani ukahudumiwa, ihesabu kuwa sehemu ya bei tangu unapofungua menyu.

Sasa namna ya kulipa, maana hapo ndipo mgeni hushikwa na butwaa. Bili ikija mezani huwa imeandikwa chakula, kisha kodi ya mauzo chini yake, kwa sababu bei za kwenye menyu hazina kodi. Unaweka kadi yako juu ya kibao, mhudumu anaondoka nayo. Mgeni wa kwetu hapo moyo humwenda mbio, lakini ndivyo inavyofanyika katika migahawa mingi, ingawa siku hizi baadhi huja na mashine mezani. Anarudi na kadi pamoja na karatasi mbili. Moja ni yako. Nyingine ina mistari miwili mitupu: wa juu unaandika bakshishi, wa chini unaandika jumla mpya, kisha unatia saini na kuiacha mezani. Ukiondoka bila kujaza, hujatoa kitu, hata kama nia ulikuwa nayo.

Tuseme mmekula New York, chakula dola 64. Kodi ya mauzo ya mji huo ni asilimia 8.875, kwa hiyo inaongezeka dola 5.68 na bili inasoma 69.68. Asilimia 20 ya chakula, bila kodi, ni dola 12.80. Unaandika 12.80 juu na 82.48 chini. Wenyeji wana njia ya mkato: wanaitazama kodi iliyochapishwa wanaizidisha mara mbili, wanapata karibu asilimia 18, wanamaliza. Kati ya 18 na 20 uko salama. Kumi na tano bado inapokelewa, ila haitakumbukwa kwa wema. Kama mko wengi, sita au zaidi, angalia vizuri kabla ya kuandika chochote, kwani migahawa mingi huwaongezea wateja wa makundi asilimia 18 au 20 yenyewe, na mstari wa bakshishi ukabaki pale pale ukikusubiri uongeze tena.

Huduma ikiwa mbovu, usiondoke bila kuacha kitu ukidhani umetoa fundisho. Atakayeumia anaweza asiwe aliyekukosea, maana mara nyingi mhudumu hugawana alichopata na wanaosafisha meza na wa kaunta ya vinywaji. Mwite meneja, mweleze kosa kwa utulivu, upunguze asilimia ukipenda. Chakula kilichochelewa jikoni si kosa lake.

Nje ya mgahawa orodha ni ndefu, na sitaimaliza. Dereva wa teksi, 15 hadi 20 kwa mia. Msusi na kinyozi vivyo hivyo, na akina dada wanaosukwa huko wanajua kwamba saa sita za rasta zina bakshishi yake. Anayebeba begi hotelini, dola moja au mbili kwa begi. Anayesafisha chumba, dola mbili hadi tano kwa siku, na uziache kila asubuhi badala ya kusubiri siku ya kuondoka, kwa sababu wa Jumatatu si lazima awe wa Alhamisi. Ziwekee kikaratasi cha asante ili ajue ni zake. Bila hicho wengi hawazigusi. Kwenye duka la kahawa utageuziwa skrini yenye vitufe vya 18, 20 na 25 huku kijana akikutazama na foleni ikipumua nyuma yako. Hapo bonyeza kitufe cha kukataa bila haya. Umesimama mwenyewe, umebeba kikombe chako mwenyewe.

Liko jambo moja la uwanja wa ndege ambalo linatuhusu sisi kuliko wengine. Mama anapokwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, watoto humwombea kiti cha magurudumu hata kama miguu yake ni mizima, ili asipotee Amsterdam au Doha na ili mtu amvushe uhamiaji akifika. Huduma hiyo ni bure. Lakini Marekani anayemsukuma mama kutoka mlango wa ndege hadi nje kwa wajukuu, akapitia foleni ya pasipoti na kungoja masanduku, kwa kawaida hupewa dola tano hadi kumi, na yeye haruhusiwi kuomba. Mama hajui, na hata angejua, kwenye pochi ana noti ya dola mia iliyokunjwa ndani ya leso. Mpeni noti ndogo kabla hajaondoka, mumwelekeze ni za nani.

Ukivuka kwenda Japani, geuza kila kitu. Bei ni bei. Mhudumu hulipwa na mwajiri, na kukuhudumia vizuri ni kazi yake ambayo haihitaji kuongezewa kitu na mteja. Hata hela yenyewe haipitishwi mkono kwa mkono: kwenye kaunta kuna kisahani, unaweka noti zako hapo, keshia anazihesabu, anakurudishia chenji kwenye kisahani hicho pamoja na risiti. Ukiacha yeni 500 mezani ukaondoka, watadhani umesahau. Atakayezikuta atakufuata, na ukikataa kuzipokea unampa tatizo la kueleza kwa bosi wake.

Usidanganyike kwamba hakuna cha ziada kabisa. Hoteli kubwa na nyumba za wageni za kijadi huongeza asilimia 10 hadi 15 za huduma kwenye bili. Kwenye baa za jioni utawekewa kisahani kidogo cha chakula ambacho hukukiagiza, na bei yake itaonekana kwenye bili kama gharama ya kukalia kiti. Usibishane, si utapeli. Na zile nyumba za wageni za kijadi zina desturi ya zamani ya kumpa mhudumu wa chumba hela kidogo ndani ya bahasha, mwanzoni mwa kukaa, noti zikiwa mpya, ukizitoa kwa mikono miwili. Wajapani wenyewe wengi hawaifanyi tena, na mgeni hatarajiwi kuifanya. Ukiguswa na mtu aliyekuhangaikia kweli, zawadi ndogo kutoka nyumbani ni bora kuliko hela. Jina la Kilimanjaro kwenye kahawa linajulikana sana Japani, kwa hiyo mfuko wa kahawa ya Moshi hauhitaji maelezo.

China nayo, kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Yiwu, haina bakshishi mgahawani wala kwenye teksi. Malipo mengi ni ya simu, unaskani alama, kiasi kinatoka kamili, pa kuongezea hapapo. Jambo la kuangalia huko ni lingine: mkalimani au wakala anayekutembeza masokoni. Wengine hulipwa na wewe kwa siku, wengine hupata kamisheni kwa mwenye duka, na wengine vyote viwili. Hiyo si bakshishi, ni gharama ya mzigo wako, na izungumzeni kabla hamjatoka hotelini. Singapore haikusumbui pia: ukiona alama mbili za kujumlisha baada ya bei kwenye menyu, maana yake ni kwamba asilimia 10 ya huduma na kodi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9, vitaongezwa juu yake. Ukishalipa hivyo, umemaliza.

Ghuba ndiko sehemu kubwa ya wasafiri wetu huenda, iwe kwa biashara, kazi, kutembelea ndugu au ibada, na huko kunahitaji jicho la karibu zaidi. Dubai, chini kabisa ya menyu ya mgahawa wa hotelini, kwa maandishi ya kukodolea macho, utasoma kwamba bei zina asilimia 10 ya huduma, 7 ya ada ya manispaa na 5 ya VAT. Mgeni akiyaona hayo anasema bakshishi nimeshatoa. Kwa hesabu ya bili, ndiyo. Lakini asilimia 10 hiyo inakwenda kwanza kwa hoteli, na hakuna cha kukuhakikishia kwamba inamfikia aliyekuletea sahani. Ukitaka imfikie, mpe noti ya dirham tano au kumi mkononi. Kwenye migahawa ya kawaida ya Deira hakuna ada hiyo, na watu huacha chenji au dirham chache. Teksi, unakamilisha namba: mita ikisoma 27, unatoa 30.

Huko utakuta pia kwamba anayekuhudumia ni Mkenya au Mganda, na mkishasikiana lafudhi maongezi yatanoga. Wengine hapo huona haya kumpa hela mtu wa nyumbani, kana kwamba undugu umeingia katikati. Mimi naona kinyume. Huyo ndiye unayejua hela yake inakwenda wapi mwisho wa mwezi.

Oman ina mtego wake, nao ni thamani ya hela. Kwenye vijiduka vya chai na migahawa midogo ya Muscat bakshishi si desturi, na ndugu zako wenye asili ya Unguja watakuambia uache mambo ya kizungu. Kwenye hoteli kubwa huduma huwa imo kwenye bili. Ukitaka kumshukuru mbeba mizigo, kumbuka kwamba rial moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Kimarekani. Baisa 500 zinamtosha. Mgeni aliyetoka Dubai na mazoea ya kugawa noti za kumi kumi akifanya hivyo Muscat atakuwa ametoa zaidi ya dola 25 kwa begi moja.

Makka na Madina, mahujaji na wanaokwenda umra huchanganya mambo mawili ambayo ni vizuri yatenganishwe moyoni na mfukoni pia. Sadaka ni jambo la mtu na Mola wake. Haina kiwango wala haihitaji kazi iliyofanywa. Bakshishi ni shukrani kwa kazi: aliyepandisha masanduku ya kikundi kizima ghorofa ya 14, dereva wa basi aliyewasubiri, msafishaji wa vyumba vya watu wanne wanne. Kwa kikundi, njia isiyo na maneno ni kiongozi kukusanya rial za Saudia, tano tano au kumi kumi kwa kila mtu, na kutoa kwa jina la wote, badala ya wawili kutoa kila siku na wengine 38 kujifanya hawaoni. Kwa wazee wanaohitaji kusukumwa kwa kiti, afikianeni bei kabla hajakaa, na muulize wazi kama ni ya tawafu peke yake au na sai imo. Mkishamaliza, kuongeza kidogo ni hiari yenu. Bei isiyotajwa mwanzoni huwa haishuki mwishoni.

India watu wetu wengi huijua kwa sababu ya hospitali. Mgonjwa amelazwa Chennai au Delhi, ndugu anamuuguza, na siku ya kuruhusiwa wafagizi na wasukuma vitanda wanaanza kupita chumbani mmoja baada ya mwingine kuaga. Soma matangazo ya ukutani kwanza: hospitali nyingi za binafsi zimekataza wafanyakazi kupokea chochote, na kumpa mtu hela kwenye korido yenye kamera ni kumhatarishia kazi. Pasipokatazwa, rupia 100 au 200 kwa yule hasa aliyemgeuza mgonjwa wako usiku zinafaa kuliko kugawia kila anayechungulia. Daktari hapewi, nesi hapewi. Boksi la peremende kwa wodi nzima hupokelewa kwa furaha. Migahawani, India iliweka mwongozo Julai 2022 unaokataza kuongeza ada ya huduma kwenye bili bila ridhaa ya mteja, na Mahakama Kuu ya Delhi iliuunga mkono Machi 2025. Ukiikuta kwenye bili una haki ya kusema iondolewe, kisha ukaacha mwenyewe kama asilimia 10 kwa aliyekuhudumia.

Misri ni kinyume cha Japani katika kila jambo. Bakshishi inaombwa wazi, kwa sauti, na kwa huduma ambazo hukuziomba: aliyekulindia viatu mlangoni pa msikiti, aliyekukabidhi karatasi ya chooni, askari wa kaburi la kale aliyekuonyesha kwa kidole kitu ulichokuwa unakitazama. Usiifanye vita. Badilisha hela upate noti ndogo nyingi, ziweke mfuko wa peke yake, uwe unazitoa bila kufungua pochi. Ambaye hukumhitaji, mwambie la, shukran, na uendelee kutembea. Ukisimama kujieleza, mazungumzo yameanza. Istanbul, kwa wale wa mizigo ya nguo Laleli, ni nyepesi zaidi: asilimia 5 hadi 10 mgahawani, taslimu, kwa kuwa mashine nyingi za kadi hazina nafasi ya kuongeza.

Ulaya nitapita haraka, kwa sababu mgeni hukosea huko kwa kutoa kupita kiasi, na kosa hilo huumiza mfuko wake tu. Ufaransa huduma imo ndani ya bei kwa sheria. Watu huacha sarafu moja mbili. Italia utaona kiasi kidogo kwa kila kichwa kilichokaa mezani, hicho ni cha kitambaa na mkate, kipo kwenye menyu, na hakikatwi kwa sababu hukula mkate. Ujerumani wanatoa asilimia 5 hadi 10, lakini hawaachi hela mezani. Mhudumu anasimama mbele yako na mashine au pochi yake, anasema 27.40, nawe unamtajia kiasi unachotaka akate: 30. Anakata 30, basi. Ukikaa kimya ukidhani utaacha sarafu baadaye, umeshapitwa.

London bili nyingi za migahawa huja na asilimia 12.5 zilizokwisha kuongezwa, na neno dogo la kwamba ni za hiari. Ni za hiari kweli. Ukiziona, usiongeze nyingine. Ukiwa na sababu ya kutozilipa, sema na zitaondolewa bila ugomvi. Zamani mwajiri aliweza kuzibakiza, jambo lililozua malalamiko miaka mingi, ndipo ikapitishwa sheria ya 2023 iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomtaka awape wafanyakazi bakshishi yote bila kukata. Kwenye baa, unapoagiza kinywaji kaunta, hutoi kitu.

Kuhusu hela zenyewe. Bureau zetu hutoa kiwango kizuri kwa dola za noti kubwa kuliko za moja moja na tano tano, ndiyo maana tunaondoka nyumbani na mia mia tupu. Noti ya mia haitoi bakshishi. Ukitua, nunua maji au laini ya simu upate za kuvunja. Usimpe mtu sarafu za nchi nyingine: benki na maduka ya fedha hayabadilishi sarafu, na euro mbili kwa mbeba mizigo wa Dubai ni chuma tu. Na shilingi yetu, hata ikiwa na picha ya simba, usiitoe kama ukumbusho mahali ambapo mtu alitarajia hela.

Ofisa wa uhamiaji, wa forodha na polisi hawamo kabisa katika habari hii. Bakshishi huja baada ya kazi na hainunui haki ambayo hukuwa nayo. Noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti, ambayo mahali pengine imezoeleka, inaweza kukulaza rumande kabla hujaona hoteli, na maelezo ya kwamba ulikuwa unashukuru hayatapokelewa.

Ukitembelea ndugu ughaibuni, akikutoa mle nje, yeye ndiye mwenyeji na atalipa bili. Usiichungulie ukapiga kelele kwamba dola 20 anazoacha zingelipa ada ya mtoto wa Shangazi. Anajua. Anaishi huko, na kesho atarudi kwenye meza ile ile. Ukitaka kuonyesha uungwana, mwambie mapema, kwa sauti ya chini, kwamba bakshishi itakuwa yako. Wengi watakataa, wengine watashukuru kimoyomoyo.

Na kwa anayesafiri kikazi: kama umepewa posho ya kujikimu kwa siku, bakshishi inatoka humo na huna la kumweleza mtu. Kama umepewa masurufu ya kurejeshea risiti, mhasibu atakuuliza, kwa kuwa hela uliyompa mbeba mizigo haina risiti. Muulize kabla ya safari kama kuna kiwango kinachokubalika bila stakabadhi. Marekani lipa kwa kadi na uhifadhi nakala uliyojaza mistari yote miwili, kwa sababu, katika ule mfano wa New York, bili ya kwanza inaonyesha 69.68 wakati akaunti yako imekatwa 82.48, na tofauti hiyo ya dola 12.80 ndiyo itakayokurudia kwenye barua ya hoja za ukaguzi.